Picha ya Shamba kwa Kioo cha Kompyuta

Jumatatu, 3 Februari

Maziwa yamefika saa moja, kama kawaida. Halima hapigi hodi. Anaweka kibuyu mlangoni, anakaa kwa kigoda chake, tunakunywa chai na kusema watu. Miaka kumi na moja sasa. Yeye Muorma wa ng'ombe, mimi Mpokomo wa jembe, sufuria moja.

Leo hata kikombe hatukumaliza. Abdi fundi wa simu amekuja na flashi yake.

Kompyuta ya kikundi chetu cha akina mama imekaa kwangu wiki tatu bila kazi. Tulipewa na ofisi iliyofungwa. Imewekwa kwangu kwa sababu nina umeme, na meza nimeipandisha kwa matofali, maji ya mto yakija haiguswi. Programu ya ndani ilishakufa. Ukiwasha inadai tu ilipiwe, inadai. Abdi akasema anaitoa, anaweka nyingine inaitwa Linux. Ni ya bure. Wameitengeneza watu wa kila nchi, na yeyote anaruhusiwa kuigeuza atakavyo. Nikamuuliza hao watu wanakula nini. Abdi si mtu wa maneno, alicheka kwa pua.

Ikafika mahali inauliza, futa diski yote? Abdi akasogea nyuma. "Bonyeza wewe, mama. Mashine ni yenu."

Halima akanishika mkono. Nikabonyeza. Macho nimefumba, kama naolewa upya.

Imewaka. Rangi ya zambarau. Halima alipiga kigelegele mpaka kuku wakatoka nje.

Jumanne, 4 Februari

Imeongea Kiswahili. Walai. Abdi amebonyeza mahali pa lugha, ikazima, ikawaka, maneno yote yamegeuka. Fungua. Hifadhi. Mipangilio. Mimi wa darasa la nne nasoma kompyuta bila kuuliza mtu. Iko na pipa la taka pia. Kumbe hata huko ndani kunafagiliwa.

Nimeenda soko la Garsen kununua nyanya tatu, nimerudi saa nane. Nimeambia wauza samaki, wauza mitumba, kinyozi, na mama mmoja wa Tarasaa ambaye simjui. Nyanya nimesahau.

Jumatano, 5 Februari

Siku tamu kuliko zote. Leo nimeipamba.

Ule mstari wa vidude vya kubonyeza ulikuwa pembeni, nimeushusha chini. Herufi nimezikuza, macho yangu si ya jana. Kimshale cha kipanya nimekifanya kikubwa na chekundu, sikipotezi tena. Halima alikuwa ananiambia rangi. Yeye na rangi, mwachie.

Saa ndiyo ilinikasirisha. Jua la utosi, ni saa saba, yenyewe inasema kumi na tatu. Saa kumi na tatu ni ya nani? Abdi akakuna kichwa. Akaenda kwa ramani ya dunia, akachagua mji mmoja wa Brazili. Huko wako nyuma yetu saa sita kamili. Saa ikaruka, ikasema saba. Nimecheka mpaka nimekaa chini. Kompyuta inadhani iko Brazili. Wacha idhani, mradi inasoma saa kama sisi.

Halima alipoondoka nikaweka picha. Nilitaka kesho imshangaze na yeye. Ni picha ya simu, mwaka jana, shamba langu la mahindi kule kando ya mto. Mahindi yamesimama kama askari. Sasa imejaa kioo kizima. Nimekaa nayo mpaka ugali ukaungua.

Alhamisi, 6 Februari

Sijui niandike vipi.

Akina mama saba wamekuja kuona. Kadzo mwenyekiti mbele na kanga mpya. Nimewasha, nimejigamba, nimewaonyesha saa ya Brazili, wamecheka. Picha ikatokea. Wapokomo wenzangu wakasifu mahindi.

Halima akasogea karibu. Amesimama mbele ya kioo muda mrefu. Akina mama wengine wawili wa Kiorma wakamwangalia yeye, hawakuangalia kompyuta. Kisha akachukua kibuyu chake na kutoka. Kibuyu kilikuwa bado na maziwa.

Wale wawili wakamfuata. Kadzo akaniuliza kuna nini. Nimesema jua kali.

Ijumaa, 7 Februari

Maziwa hayakuja.

Nimekunywa chai ya rangi. Kigoda nimekiacha pale pale. Kompyuta sikuiwasha.

Muuza samaki ameniuliza Halima anaumwa? Nikasema sijui. Mimi, kusema sijui. Ameniangalia kama mimi ndiye naumwa.

Jumamosi, 8 Februari

Nimemwita Abdi aitoe ile picha. Nimemweleza yote, maana ilikuwa inanichoma. Akaifungua, akazungusha kile kigurudumu cha kipanya. Picha ikakua. Mahindi yakawa makubwa. Yakapita. Ukaja ua wa miiba, ule niliouzungusha kiangazi cha mwaka jana.

"Hapa," Abdi akasema.

Nyuma ya miiba, pembe. Ng'ombe amesimama anaangalia mtoni. Nyuma yake wengine. Kwa simu zilikuwa ni vidoa tu. Sikuwahi kuona.

Ua ule umeziba malka, njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji. Tangu zamani inapita hapo. Nilijua. Nilisema mahindi kwanza, watazunguka. Ng'ombe wawili wa kina Halima walikufa kiangazi kile, na maziwa ya asubuhi akaniletea vile vile. Jambo hilo hatukulisema hata siku moja. Halafu mimi nimeenda kulitundika kwa kioo, kubwa kama mlango, nikamwita aje kushangaa.

Nina aibu. Si kidogo.

Abdi akasema kitu kingine. Hii mashine si chumba kimoja, ni nyumba. Kila mama anaweza kuwa na jina lake mlangoni, ufunguo wake, picha yake ndani. Kwa nini nyote mkae kwa picha yako? Amenifundisha kufungua chumba. Nimerudia mara nne. Nimejua.

Jumapili, 9 Februari

Nimeenda shambani na panga. Shamba ni langu, la mama yangu, sikuomba ruhusa. Nimeng'oa miiba upana wa ng'ombe sita. Mahindi hayajapandwa bado, na msimu huu nitapanda kando, nipishe malka. Baba Komora, mume wangu, amekuja akauliza nimerukwa na akili? Nikamwambia shika upande ule. Akashika, huku ananung'unika.

Mikono imechanika. Kalamu inateleza.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeenda kwa Halima. Alikuwa anasafisha vibuyu kwa moshi. Hakunifukuza, hakunikaribisha.

Nikasema, "Halima, mimi nilikuwa naona mahindi."

Akaendelea na moshi. Halafu akasema, "Na mimi nilikuwa naona ua."

"Sasa hakuna ua."

"Nimesikia. Ng'ombe wamepita jana jioni." Akageuza kibuyu. "Mama Komora, umeng'oa miiba kama mtu anayefukuza mwizi. Umeacha vipande njiani. Ng'ombe mmoja anachechemea."

Sikujua nilie au nicheke. Kisha akaingia ndani, akatoa buni za kahawa, akazikaanga kwa samli mpaka zikapasuka. Kwao hukaangiwi buni kama hutakiwi. Nimetafuna mpaka ganda.

Nimepitia shambani kuokota vile vipande. Vimejaa karai.

Jumanne, 11 Februari

Nimefungua vyumba saba, kimoja kimoja, peke yangu. Majina yamejipanga kwa herufi, Kadzo yuko wa tatu, amelalamika mwenyekiti kuwa wa tatu. Nimemwambia kompyuta haijui vyeo. Mlangoni sikuweka picha ya mtu yeyote. Rangi tupu, ya majivu. Shamba langu liko chumbani kwangu.

Jumatano, 12 Februari

Maziwa yamefika. Saa ya kioo inasema moja, na ni saa moja.

Halima amekaa kwa kigoda. Nimetoa picha kwa simu yake, nikaiingiza kwa kompyuta, ng'ombe wake mwekundu, yule anayechechemea. Amechagua rangi mwenyewe. Kisha ikamuuliza ufunguo, lile neno la siri, aandike mara mbili.

Amesita, akaniangalia. Garsen yote inajua mdomo wangu.

Nimegeuka nikatazama ukuta. Kuna ufa pale juu ya dirisha, sikuwahi kuuona. Nikasikia kidole chake, polepole, herufi moja, herufi moja.