Magazeti Yasiyoazimwa

Machi 3

Shangazi mpendwa,

Kabla hujasoma zaidi, nakusihi: barua hii usimwonyeshe mtu, wala usimsomee jirani hata akibembeleza. Ukimaliza, ichome.

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu. Mimi mzima, ila usingizi hauji.

Mkuu mpya wa maktaba, ambaye tukiwa peke yetu tunamwita Bwana Bofya, ametoa amri. Kila ambacho hakijaazimwa kwa miaka mitano kipelekwe kwenye kiwanda cha trei za mayai. Anasema watu wote wana simu, rafu zinafuga vumbi tu. Kazi ya kuchagua nimepewa mimi. Sasa nimefikia magazeti ya zamani ya mji, yale uliyoyajalidi kwa mikono yako kabla hujastaafu. Karatasi zake za kuazimia hazina muhuri hata mmoja. Nifanyeje?

Mwanao

Machi 10

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linanisubiri tuzikwe pamoja.

Hazina muhuri kwa sababu magazeti hayaazimwi, we mtoto! Husomwa palepale mezani. Anayehukumu kwa muhuri atatupa vinavyosomwa kila siku na kubakiza riwaya za mapenzi. Mwambie hivyo. Au ulimi nao umeuazimisha? Toka nilipoanza kukulea ulikuwa mwoga. Ulikuwa ukimwamkia hata paka.

Shangazi yako

Machi 21

Shangazi,

Shikamoo. Nilimwambia, na ingekuwa heri ningenyamaza.

Palikuwa na mama mmoja muuza mitumba, huja kila siku. Anatafuta habari ya moto wa kiwandani uliomuua kaka yake, kwa kuwa wenye kiwanda wanakana hata moto wenyewe. Bwana Bofya akatoa simu mbele ya wafanyakazi wote. "Haya karani, tushindane. Wewe na magogo yako, mimi na kidole changu." Akaandika "moto kiwandani". Yakaja matangazo ya mitungi ya kuzimia moto. Watu wakaangua kicheko. Akamgeukia yule mama: "Kama haumo humu, mama, haukutokea. Nenda kapumzike."

Yule mama alikusanya vitu vyake polepole sana. Lori la kiwanda cha trei linakuja Ijumaa.

Mwanao

Machi 24

Mwanangu,

Leo salamu tuziache. Niazimishe mimi. Piga muhuri majalada yote kwa kadi yangu. Alhamisi nakuja na mkokoteni, mchana kweupe, nipite mlango wa mbele. Mwambie yule mama aje asomee kwangu. Akikuuliza huyo Bofya wako, sema ulinipa. Basi. Sheria umevunja wewe, na mimi nimekutuma. Tutakaripiwa wote wawili na magazeti yatabaki.

Ila useme, mwanangu. Usiposema ulinipa, mimi ni mwizi.

Shangazi yako

Aprili 15

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama huko mahabusu wanakupa barua. Unakula? Blanketi unalo?

Bwana Bofya aliniita ofisini, akafunga mlango. Hakunipiga, hata sauti hakupaza. Aliuliza tu, "Ulimpa au aliiba?" Nilifungua mdomo kusema nilikupa. Nikasema uliiba. Kisha nikaenda kwenye sanduku la kadi, nikaichana yako.

Majalada waliyoyatoa polisi nyumbani kwako yalikwenda kiwanda cha trei moja kwa moja. Nilisaidia kupakia. Amenisifu kwamba mimi ni mwaminifu.

Nijibu, hata kwa tusi.

Mwanao

Mei 30

Shangazi,

Shikamoo. Nimesikia wamekuachia. Nimesikia pia kwamba ukiulizwa habari zangu unasema huna mtoto.

Siku hizi nasimamia chumba cha kompyuta. Yule mama alikuja. Alisema kwako alikuwa ameshaipata habari ya moto, alikuwa anafungua ukurasa wa majina ya waliokufa polisi walipoingia kuyachukua magazeti. Akaniomba nimtafutie. Nikatafuta. Nikamwambia haumo. Akasimama akinitazama, kana kwamba nina neno la kuongeza. Bwana Bofya alikuwa nyuma yangu. Nikamwambia, "Basi haukutokea, mama."

Ukitaka kuniona, usiniandikie kazini, barua zinafunguliwa. Pitia mlango wa nyuma, ulio upande wa mapipa ya taka, wenzangu wakiwa wamekwenda kula. Gonga polepole, usiite. Nikiwa peke yangu nitafungua. Ukigonga kukawa kimya, ujue nipo, ila siko peke yangu. Na ukinikuta barabarani nikiwa naye, tafadhali pita kama hunijui. Mimi nitapita hivyohivyo.

Mwanao