Jina Lilikuwa Limeangalia Juu

Alhamisi. Mvua imeanza saa nane mchana na sasa inaelekea saa moja jioni, haijaonyesha nia ya kuacha. Buti zangu ziko nje ya mlango na udongo wa machimboni bado umezing'ang'ania. Nimeoga, nikasugua, lakini nikisaga meno bado nasikia vumbi la mawe.

Sina hasira leo. Nina aibu, na afadhali niiandike kabla sijaanza kuiita kitu kingine.

Wale wachache mnaopita hapa mnajua kazi yangu. Kwa mgeni: mimi ni injinia katika karakana moja hapa Eldoret, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikichora paneli za mtambo wa kuchekecha mawe. Fikiria chekecheke ya unga, ila hii ni ya chuma, ndefu kama lori, imelala kwa mteremko na mota inaitikisa kutwa. Mawe yaliyopondwa yanamwagwa juu. Madogo yanapita kwenye matundu, makubwa yanateleza mpaka mwisho. Ule uso wenye matundu, unaopigwa na mawe asubuhi mpaka jioni, ndio paneli.

Za chuma zinalika upesi, na kelele yake utaisikia mpaka ukiwa kitandani. Kwa hivyo nikamwambia Bosi tutengeneze za mpira. Jiwe likiupiga mpira, mpira unabonyea kidogo halafu unarudi, haukwanguki haraka. Mwenye machimbo akakubali kutupa mtambo mmoja tujaribu. Zikidumu, atatupa kazi ya mitambo yake yote. Zisipodumu, ataendelea kuagiza za kutoka nje kama alivyozoea.

Siri iko kwenye umbo la tundu. Juu liwe jembamba, chini lipanuke. Jiwe likishapita ule mdomo wa juu halina tena pa kushikwa, linaanguka lenyewe. Nililichora hivyo, na hata leo, pamoja na yote niliyoyaona, nasema umbo lile halikuwa na makosa.

Sasa nije kwa Mzee Barasa.

Mzee Barasa ndiye anayepika mpira wetu. Alikuja mji huu kutoka Bungoma akiwa kijana wa kubeba magunia, akajifunza mpira kwa kutazama, na sasa mvi zimemjaa. Hatumii saa. Anainusa kalibu, kile chuma kinachoupa mpira umbo, anabonyeza ukingo wa mpira kwa ukucha wa kidole gumba, anangoja, anabonyeza tena, halafu anasema, "Toa." Mimi nilikuja na vipimo vyangu na vyeti vyangu, na kusema kweli ule ukucha ulinikera tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nikimwambia aandike dakika. Alikuwa akiniitikia vizuri sana, "Sawa, Injinia," na haandiki.

Paneli za kwanza zilipasuka baada ya siku kumi na moja.

Vipande vililetwa karakana ndani ya gunia. Nilivimwaga kwenye meza, nikaona nyufa kati ya tundu na tundu, na mawe yamekwama kwenye matundu kama meno. Nikaamua papo hapo: mpira haukuiva. Sikwenda machimboni. Ilikuwa imenyesha, barabara ilikuwa tope, na mimi nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nalo hata kabla ya gunia kufunguliwa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi leo.

Saa nne tukiwa kwa chai, karakana nzima imekaa, nikamwambia mbele ya wote, "Mzee, mpira wako ni mbichi." Nilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema chai haina sukari. Hakuna aliyecheka. Mzee aliweka kikombe chini, akasema tu, "Mpira uliiva." Mimi nikaenda kuandika ripoti. Dakika ishirini nilikuwa nimemaliza. Niliandika kwamba fundi hapimi muda. Bosi akasoma, akamwambia Mzee aende nyumbani kwanza apumzike.

Hiyo ni wiki tatu sasa. Ukiambiwa upumzike bila kuambiwa urudi lini, unajua umeambiwa nini.

Paneli za pili nilizipika mimi. Nilisimama hapo na saa mkononi, nikaandika kila dakika, nikapima ugumu wa mpira kwa kifaa changu, kila kitu kikatoka sawasawa. Nilijiona kweli. Zilipotoka kwenye kalibu nilizipiga picha, na kama una kumbukumbu nzuri uliziona hapa, na nilivyojisifu.

Zilipasuka kwa siku tisa.

Siku tisa, yaani mpira wangu wa saa na vipimo haukufika hata pale mpira wa ukucha ulipofika. Jana jioni Bosi alinipigia simu akasema mwenye machimbo amechoka na mambo yetu. Hakunifokea. Angenifokea ningelala vizuri zaidi.

Basi leo asubuhi nikavaa buti nikaenda machimboni, mahali ambapo nilipaswa kwenda tangu mwanzo.

Fundi wa mtambo kule anaitwa Sifuna. Ni mtu mtaratibu, anapanga spana zake kwa ukubwa kwenye kitambaa. Alizima mtambo, akanipa mkono nikapanda. Na hapo juu, kabla vumbi halijatulia, nikaona jina la karakana yetu. Kila paneli, safu kwa safu, herufi zimeinuka vizuri, zote zimeangalia juu. Nitaungama yote: kwa nukta moja nilifurahi. Nilifikiri, wah, linaonekana vizuri.

Halafu nikakaa chini hapo hapo kwenye mtambo.

Ngoja nieleze. Jina ni wazo langu. Nilitaka kila paneli itembee na jina letu, na pembeni kidogo, kwa herufi ndogo, nikaweka pia herufi mbili za kwanza za majina yangu. Watu wa kwetu, sisi wa upande wa ziwa, tunasemwa kila siku kwamba tunapenda kujionyesha. Mimi huwa nabishana sana. Sasa nimewapa ushahidi wa mpira. Na kwa kuwa upande wa juu unakwanguliwa na mawe, jina lingefutika baada ya muda. Nikaliweka upande wa chini, lidumu.

Sifuna hakuwahi kuona mchoro wangu. Alipelekewa paneli na bolti, basi. Alizigeuza mpaka jina likaonekana, akazifunga. Matundu ya bolti nilikuwa nimeyapanga sawa pande zote, kwa hivyo paneli inakubali kufungwa hivi au vile bila kulalamika. Umbo la tundu likageuka: pana juu, jembamba chini. Jiwe linaingia kwa raha, linakwama, mota inaendelea kulitikisa na mawe mengine yanalipigilia kutoka juu. Mpira gani ungestahimili hiyo? Ule wa Mzee ulistahimili siku kumi na moja.

Nilimuuliza Sifuna kwa nini aliweka upande ule. Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini anavaa kofia kichwani.

"Si jina huangalia juu, Madam? Nani anaweka jina ya mtu kwa matope?"

Aliendelea kunieleza kwamba kila asubuhi kabla ya kuwasha mtambo huwa analipangusa kwa kitambaa. Kwa heshima.

Tulifungua paneli nne ambazo hazikuwa zimepasuka sana, tukagonga mawe yakatoka, tukazigeuza jina chini, tukafunga. Akawasha. Nilisimama hapo kwenye mvua iliyokuwa ikianza, nikatazama. Zile nyingine zote ziliziba kama kawaida. Kwenye zile nne mawe yalipita kama maji. Saa nzima, hakuna hata moja lililokwama. Sifuna aliniangalia akatikisa kichwa polepole, akasema, "Kumbe."

Nilimpigia Bosi nikiwa bado machimboni. Nikamweleza. Akasema, "Haya, afadhali. Mwambie Mzee arudi." Akakata. Kwake lilikuwa limekwisha, kama ufunguo uliopotea na ukapatikana chini ya kiti. Nadhani hata yeye hakumbuki vizuri Mzee alienda kwa nini. Mimi nakumbuka.

Kwa hivyo sikurudi karakana. Nilienda Yamumbi, kwa Mzee.

Mzee Barasa alikuwa amekaa kwenye veranda ya nyumba yake akibandika viraka kwenye gambuti za majirani, zile buti za mpira. Kulikuwa na jozi saba au nane zimepangwa ukutani. Msimu huu wa mvua hakosi kazi, na alipobonyeza kiraka kwa ule ukucha wake, nilitazama pembeni. Mama Nekesa, mke wake, aliniletea kiti, akaniletea chai ya maziwa na viazi vitamu kwenye sahani iliyofunikwa. Kila kitu mgeni anachostahili alinipa. Neno hakunipa. Aliweka, akarudi ndani, na nikajua anasikiliza kutoka dirishani.

Nilimweleza Mzee kuhusu jina na kitambaa cha Sifuna, kuhusu matundu, kuhusu zile paneli nne. Alisikiliza huku akisugua kiraka kwa msasa. Nilipomaliza, alipuliza vumbi la mpira. Aliendelea kusugua.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anangoja, na anangoja nini.

Siku tulipochonga kalibu, Mzee aliniuliza swali. Alikuwa ameishika ile kalibu, akaipindua mara mbili, akasema, "Injinia, hili jina litakuwa limeangalia wapi?" Na mimi, macho yangu kwenye simu, nikamjibu, "Fuata mchoro tu, Mzee." Hakuuliza tena. Sikuwa nimelikumbuka swali lile hata mara moja kwa wiki hizi zote, mpaka leo nikiwa nimekaa juu ya ule mtambo.

Angeweza kunikumbusha, na nisingekuwa na pa kujificha. Lakini alinyamaza, akaniachia mwenyewe. Kwa hivyo nikasema: "Mzee, wewe uliniuliza. Na mimi nilikujibu vibaya. Halafu nikakusingizia."

Aliweka gambuti chini.

"Ulisemea wapi kwamba mpira wangu ni mbichi?"

"Kwa chai. Saa nne."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya wote."

"Basi kasemee hapo," akasema. "Kesho nitakuja kunywa chai. Nikisikia, nitavaa ovaroli. Nisiposikia, nitamaliza chai yangu nirudi kwa hizi gambuti. Kazi ninayo."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema "Toa." Nikaitikia, "Sawa, Mzee," na nikajua huyu nimemwitikia kweli, si kama alivyokuwa akiniitikia mimi.

Kisha akaomba mchoro. Nilikuwa nao kwenye mkoba, umelowa ukingoni. Nikamwonyesha ninavyotaka kubadilisha: tundu moja la bolti nilisogeze pembeni, ili paneli ikiwekwa vibaya ikatae kufungwa kabisa. Hilo alilikubali. Lakini jina, nikasema, naliondoa, limeshaniletea balaa ya kutosha.

"Usiondoe," akasema. "Liweke juu."

Nikamweleza kwamba mawe yatalikwangua, baada ya miezi michache halitasomeka.

"Si ndiyo vizuri? Yule kijana wenu wa machimboni analipangusa kila asubuhi. Siku asipoliona, atajua mpira umelika, akaagize mwingine kabla haujapasuka."

Nilimtazama huyu mtu. Miezi yote hii nilikuwa natafuta namna ya kumjulisha fundi wa mtambo kwamba paneli inakaribia kuisha. Nilikuwa nimesoma mambo ya rangi mbili za mpira, nikapiga hesabu za unene. Yeye alikuwa nalo jibu kati ya gambuti mbili.

Wakati wa kuondoka Mama Nekesa alitoka akanifungia vile viazi vilivyobaki kwenye gazeti. Akasema, "Barabara inateleza, enda pole." Hilo lilikuwa neno la kwanza. Nimevila vyote nikiandika hapa.

Najua mnachotaka kuniuliza, kwa sababu najiuliza mimi mwenyewe: mbona naogopa? Ni dakika mbili tu za kusema ukweli mbele ya watu kumi na wawili walioshika vikombe. Lakini hao ndio watu ninaowaambia cha kufanya kila siku. Naogopa kwamba keshokutwa nikimwambia mtu afuate mchoro, atanitazama kidogo kabla ya kufuata. Halafu nafikiri, labda ingekuwa hivyo tangu mwanzo tusingefika hapa.

Herufi zangu mbili nimeziondoa kwenye mchoro. Jina la karakana limebaki, juu, pale litakapokwanguliwa.

Ripoti ya kwanza niliiandika kwa dakika ishirini. Hii ya pili nimeianza saa kumi na moja, na nimefuta zaidi ya nilivyoandika. Kila mara najikuta naanzia kwa matundu ya bolti, au kwa mvua, au kwa Sifuna ambaye hakupewa maelezo. Yote ni kweli, na yote nilikuwa nayaweka mbele ili nifike polepole.

Sasa nimefuta tena, na mstari wa kwanza umekaa. Kesho saa nne nitausoma nikiwa nimesimama, kabla sijagusa chai yangu.

Mpira wa Mzee Barasa ulikuwa umeiva.