Mathenge ya Mama Josephine

Tamar uko? Nimeharibu, wallahi nimeharibu.

Si unajua hii kambi yetu ya mazingira hapa Wema, tunakata mathenge, ile miti ya miiba inayovamia mashamba. Jana nikafyeka yote kando ya shamba la Mama Josephine. Kumbe ndiyo ilikuwa ua wake.

Leo asubuhi ng'ombe wakaingia. Wamekula mahindi yote. Yote, Tamar.

Watu wakamshika Abdiaziz, yule anayechunga ng'ombe wa mjomba wangu, eti amewaingiza makusudi. Anaapa, "Nilikuta pako wazi." Hakuna aliyemwamini. Na mimi nimesimama hapo hapo, panga mkononi, kimya. Kimya kabisa.

Walipotaka kumpiga ndipo nikasema, "Ni mimi nilikata."

Wakamwachilia. Mama Josephine akaniangalia, akaniangalia, halafu akaniuliza, "Ikran, umekunywa chai lakini?"

Nikaweka panga chini, nikamfuata jikoni kwake.