Nilipokujibu Kwamba Imeshika

Baba Zaituni,

Barua zote nilizowahi kuandika zilianza kwa kuuliza hali. Wewe nikuulize nini? Nilikuacha chini ya udongo mwekundu nyuma ya msikiti, na hali yangu mimi utaisoma humu.

Eda imekwisha. Miezi minne na siku kumi nilikaa ndani, na mashua yako ikakaa juani bila mtu wa kuimwagia maji. Siku niliyotoka watu walidhani nitakwenda sokoni, au kwa dada yangu Gatete. Nilishuka ziwani kuiona. Pale mahali petu pa kuipandisha hapapo tena. Ziwa limepanda, limekula mchanga wote mpaka kwenye ukuta wa jirani, na ule mti uliokuwa ukiufungia kamba sasa umesimama majini. Mdogo wako Hamisi na wenzake waliivuta hadi nyuma ya nyumba, wakaiegesha juu ya magogo ya michikichi. Mbao zimekauka zikaachana. Mahali pengine nilipitisha kidole.

Ni mwanzo wa kiangazi. Mvua imekatika, na milima ya Kongo ng'ambo imeanza kupotea kwenye vumbi. Huu ndio wakati wetu. Kila mwaka tukishaitengeneza mashua tulikuwa tunaondoka siku tatu, wewe na mimi, bila wavu, bila mzigo, tukifuata pwani mpaka Kigwena na kurudi na upepo wa kusini mgongoni. Watu waliuliza tunakwenda kufanya nini. Ukawajibu, "Kutembea." Wakatuita wazungu wa Rumonge, na wewe ukalipenda jina hilo kuliko nilivyolipenda mimi.

Utacheka kusikia kwamba esanse, mafuta ya injini, haipatikani. Zile moteri ambazo wavuvi wenzako walikuwa wakikutambia nazo zimefunikwa maturubai, na wenyewe wamekaa ufukoni wanatazama maji. Hata hivyo Hamisi hajakoma. Amekuja mara tatu. "Shemeji, hii mashua iko nakufa. Unipatie, nikate huku nyuma, nitie moteri. Wewe utaenda nayo wapi?" Anasema kwa upole, si mtu mbaya. Mjane mwenye mashua ya tanga, kweli nitakwenda nayo wapi? Nilimwambia anipe siku chache. Nilitaka angalau kuitoa pamba ya zamani kati ya mbao, nisimpe mtu kitu kichafu.

Hapo ndipo nilipoliona hili ninalokuandikia.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya. Wewe unalala chini ya mashua na nyundo ya mti na patasi butu, unashindilia kati ya mbao pamba iliyolowa mawese. Mimi, kwa udogo wa mwili wangu ulioutania miaka yote, najibanza ndani, kiganja kwenye mshono uleule. Wewe wa nje huwezi kujua kama pamba imefika. Mimi wa ndani ndiye ninayejua. Nikisikia pigo limepita sawasawa mkononi, nakugongea mara mbili: imeshika, sogea mbele. Nikikaa kimya, unarudia. Siku nzima hatusemi neno, tunagongeana tu, na jioni tunatoka tunanuka mawese kama mandazi.

Mwaka jana upande wa kulia tuliufanya asubuhi. Pamba ya upande huo nimeitoa kwa shida, kipande kipande, kucha mbili zimevunjika. Upande wa kushoto tuliufanya mchana. Kuanzia katikati kwenda nyuma, niliishika pamba kwa vidole viwili ikaja yote, ndefu, safi. Ilikuwa imekaa juu juu. Ndani yake patupu. Nilitaka kusingizia jua, lakini upande wa kulia umekaa kwenye jua hilohilo.

Nikakaa chini na ile pamba mapajani, nikaukumbuka mchana ule. Nyundo yako ilikuwa inakuja polepole, nyepesi, inapumzika, inakuja tena. Mimi ndani nilikuwa na joto, mgongo unauma, na maharage nimeyaacha motoni. Nilisikia kwamba haijafika. Nilisikia, Baba Zaituni. Na nikagonga mara mbili. Tukasogea mbele, nikagonga tena mara mbili, na tena, mpaka tukamaliza. Kwa hiyo mkono wako ulikuwa unaniambia, na mimi nikakujibu kwamba imeshika.

Halafu safari yenyewe. Rumonge bado inaonekana nyuma yetu, maji yakatufika kwenye vifundo vya miguu. Unajua nilichosema. Nimejaribu kujidanganya kwamba nilisema kwa utani. Nilisema, "Safari hii umefanya kazi ya kivivu. Uzee umekushinda?" Wewe ukachukua ile bido, dumu letu lililokatwa, ukaanza kukumba maji. "Minachoka kidogo tu, mama Zaituni. Iko kawaida." Ukajaribu kucheka, na mimi sikukupokea ile bido. Nilinuna mpaka Kigwena. Nilipika mukeke, wewe ukalala chini ya michikichi mpaka samaki akapoa, nami nikala peke yangu nikakubakishia mkia. Tumbili wakashuka kutoka msituni wakachukua ndizi zetu zote, nikakulaumu hata kwa hilo. Siku ya kurudi ulinipa usukani, jambo ambalo hukuwahi kulifanya tangu tuoane. Nikadhani unanibembeleza.

Daktari alipotuambia kwamba moyo wako ulikuwa umechoka kwa zaidi ya mwaka, nilimbishia. Nilimwambia huyu mtu ametengeneza mashua nzima kwa mikono yake, atakuwaje mgonjwa wa mwaka? Wewe kitandani ukanitazama, ukaniacha niseme. Sasa najua ulikuwa unanisitiri mbele ya daktari. Najiuliza kama ulilala chini ya ile mashua ukingoja nikae kimya, angalau mara moja, ili upate sababu ya kutoka na kuniambia. Sitalijua hilo, na ndilo linaloninyima usingizi.

Siku tatu sikumjibu Hamisi. Niliwaza kumwachia aikate tu, nisiione tena. Kisha Alhamisi Zaituni akaja kutoka Bujumbura, akanikuta nimelala chini ya mashua yako na nyundo yako. Nilikuwa nikishindilia mahali, natoka, naingia ndani kupapasa, natoka tena. Alivua viatu akaingia ndani. Naye ni mdogo wa mwili, unamjua. Nikamwambia tu, ukisikia imefika, gonga mara mbili.

Nikapiga. Kimya. Nikapiga tena. Sauti yake ikapita kwenye mbao: "Mama, hapa hakuna kitu. Rudia." Nikarudia. "Bado. Rudia." Mkono ulikuwa unaniuma na nilitaka kumkaripia. Nilipiga mara ya tatu kwa nguvu zangu zote, ndipo akagonga mara mbili. Nikabaki pale chini, mawese yananitiririkia usoni, nalia, na yeye akidhani natafuta pamba. Ni neno hilo moja, rudia, nililokunyima. Mwanao amelisema bila hata kufikiri.

Tumemaliza jana. Tanga panya walilikula pembeni. Nimeliziba kwa kipande cha kitenge changu cha harusi ya Zaituni, kile cha kijani, na utavumilia rangi. Hamisi nimemwambia hapana. Amenuna kidogo, lakini ameahidi kutusaidia kuishusha. Kesho inaingia majini, na keshokutwa alfajiri, upepo wa milimani ukianza, mimi na mwanao tunakwenda Kigwena. Sitaki udhani kwamba nimepona. Sina furaha ya safari hii hata kidogo. Naogopa kupaona pale mahali ulipolala.

Maji yataingia, najua, mpaka mbao zinywe zivimbe. Bido yako iko mahali pake, nitayakumba mimi. Nisamehe, kama huko mnasameheana. Mungu akupe nafasi kaburini, na upepo kidogo kama upo.

Nami nakuahidi kitu kimoja. Mtu yeyote atakayepanda mashua hii pamoja nami akiniambia amechoka kidogo tu, nitashusha tanga palepale katikati ya ziwa, nimuulize: kidogo kiasi gani?

Mkeo,
Mama Zaituni