Mchele kwenye Mbeleko

Jumanne, 4 Machi. Asubuhi theluji nyepesi, upepo wa kukata masikio.

Na kesho nitarudi tena. Leo nimezunguka ndani ya maduka makubwa ya Roseville, mfuko wa mchele nimeufunga mgongoni kwa mbeleko. Mama Neema wa kanisani akanisimamisha.

"Hongera, Mama Baraka. Umeletewa mjukuu?"

"Ni mchele. Baraka anafanya mazoezi hivi huko gerezani. Akiweza kutembea haraka na mzigo, anaingia kikosi cha wafungwa wanaozima moto wa misitu."

Akatazama pembeni. "Mambo ya gereza hayatangazwi, mama."

"Mwanangu sijamzaa kwa siri."

Jioni Baraka akapiga simu. Goti linamuuma, mtihani ni Ijumaa, anataka kuacha. Goti linanitia hofu, moto zaidi. Lakini akiacha atarudi kutazama ukuta kutwa, na ukuta ndio utakaommaliza. Nikamsimulia habari ya mchele. Akacheka.

"Watu walikuona, mama?"

"Wote."

"Basi kesho kaza mbeleko vizuri. Mimi naenda kulifunga goti."

Mabega yananiwaka. Nazima taa, saa sita kasorobo.