Jambo la Wanjiru Nisiloweza Kukuandikia

Buruburu, Nairobi
Jumamosi alasiri

Mama yangu mpendwa,

Kabla ya yote nauliza habari za goti lako. Je, unaweza sasa kushuka hadi kisimani bila fimbo, au bado? Na mahindi ya upande wa mto yameshika? Mimi mwili hauna shida. Mjomba na mke wake ni wazima, na mtoto wao ameanza kusimama akishikilia kiti. Ni moyo tu, Mama, ambao hauko sawa, na ndiyo sababu barua hii imechelewa wiki mbili.

Usishangae kuona nimekuandikia Kiswahili badala ya Kikamba chetu. Najua utaisoma polepole. Sababu utaiona mwishoni.

Katika barua yako uliniuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini Jumapili ya Meza ya Bwana nilipitisha kikombe bila kunywa, maana mke wa mjomba aliniona akakuandikia. Pili, ni jambo gani nililosema juu ya rafiki yangu Wanjiru. La kwanza nitakujibu.

Wanjiru unamjua kutoka kwa barua zangu. Ndiye tuliyekuwa tukiketi naye dawati moja, anayekaa mtaa wa Ziwani. Tulitumia kitabu kimoja cha historia, yeye siku tatu, mimi siku nne, kwa sababu alisema, "Wewe hukisomi, unakila." Tangu nije Nairobi, yeye tu ndiye aliyenicheka bila kuniumiza. Siku moja tukitoka shule alinieleza jambo la nyumbani kwao, kuhusu baba yake. Alilia kidogo, halafu akasema, "Nimekwambia wewe tu." Nikamwahidi kumwombea.

Hapo ndipo nilipokosea. Kanisani kwetu vijana hukutana Jumapili baada ya ibada, na mwenyekiti huuliza nani ana hitaji la maombi. Wenzangu husimama kila wiki. Mimi sikuwahi kusimama, naona haya. Siku hiyo Wanjiru hakuwepo, na mimi nikasimama. Nilijiambia ni kwa ajili yake. Nilianza kwa kusema "rafiki yangu mmoja," lakini ni nani asiyejua kwamba nina rafiki mmoja tu? Nikalieleza lote. Watu walisema "Amina," wakanitazama kwa upole, na nitakiri kwako, Mama, nilifurahia kutazamwa hivyo.

Jumanne akina mama watatu wa kanisa walikwenda Ziwani na mkate na sukari. Hawakuwa na nia mbaya. Mama yake Wanjiru hakuwakaribisha, lakini mtu akishafumba macho na kuanza kuomba mlangoni mwako, utamfukuzaje? Waliomba kwa sauti, wakimtajia Mungu jambo lile kana kwamba yuko ng'ambo ya barabara, na majirani wakatoka kusikiliza. Wanjiru alikuwa nyuma ya nyumba akiosha sufuria. Alisikia kila neno. Baba yake naye, akirudi kutoka kazini, alikuta watu wa bombani wananong'ona kabla hajafika mlangoni.

Kesho yake Wanjiru alihamia dawati la mbele. Kitabu cha historia aliniachia, kimefungwa kwa gazeti.

Kisha nikafanya kosa la pili. Jumapili nilisimama tena mbele ya vijana, nikatubu kwa machozi. Wakanipigia makofi. Wale ambao hawakuwepo mara ya kwanza wakauliza ni jambo gani, wakaambiwa. Jumapili iliyofuata kikombe kiliponifikia, nilikumbuka ulivyotufundisha, kwamba mwenye kesi na mwenzake aiache sadaka yake, aende kwanza wakapatane. Sikuweza kunywa.

Hata hivyo ilinichukua muda mrefu kupata ujasiri. Jumamosi iliyopita ndipo nilipokwenda Ziwani kwa miguu, barua yako ikiwa mfukoni. Nilimkuta bombani na ndoo. Mwanamke mmoja kwenye foleni akasema, "Haya, wa maombi wamerudi. Leo ni zamu ya nyumba gani?" Wengine wakacheka. Wanjiru hakucheka.

"Sasa, mtumishi," akaniambia. "Umekuja na mkate?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Si nasikia ulishaomba? Mpaka ukapigiwa makofi."

Nikamwambia kwamba pale nilimwomba Mungu.

"Basi Mungu ni mwema, amekusamehe. Lakini wewe hukumsema Mungu, Nduku. Ulimsema buda wangu, baba aliyenizaa."

Nikamwapia kwamba sitamwambia mtu mwingine yeyote tena. Akaweka ndoo chini.

"Na mama yako? Kila mwezi unamwandikia kurasa nne. Huko pia umeshaniombea?"

Sikuwa nimekwambia, Mama, lakini nilikuwa nimekusudia kukwambia siku hiyohiyo. Nadhani aliliona usoni mwangu. "Enda nyumbani," akasema. Akainua ndoo akaenda, maji yakimwagikia miguuni, nami sikuthubutu hata kumsaidia.

Nimeomba mpaka maneno yameniishia. Darasani natazama kisogo chake kutwa. Na siku zenyewe zimebaki chache, kwa maana muhula ukiisha anahamishwa kwa nyanya yake Murang'a. Baba yake hataki tena watoto wake wakae mahali wanaposemwa. Akiondoka hivi, Mama, sijui nitamfuata wapi.

Kwa hiyo swali lako la pili sitalijibu. Sijawahi kukuficha kitu hadi leo. Ukikasirika nitavumilia. Tafadhali usimuulize mke wa mjomba, na akikueleza bila kuulizwa, uache kusoma hapo.

Nisalimie Baba, na nyanya, na mdogo wangu Mumbua, asichore kwenye vitabu vyangu. Nisalimie pia mwalimu wetu wa Shule ya Jumapili. Mwambie aniombee, lakini asiulize kwa nini.

Bahasha sijaifunga. Nimeandika anwani yako na kubandika stempu. Jumatatu nitaiweka barua hii juu ya dawati la Wanjiru, ikiwa wazi, aisome yote; ndiyo maana nimeiandika kwa Kiswahili. Akikuta neno moja ambalo hataki ulijue, aichane, sitamlaumu. Akiona inafaa, aifunge mwenyewe na kuitia posta. Mimi sitaituma, wala sitaandika nyingine juu ya jambo hili.

Ikikufikia, Mama, ni Wanjiru aliyeifunga.

Binti yako anayekukumbuka kila saa,
Nduku