Maelezo ya Mkalimani Kuhusu Gari la Wageni

Jina: limehifadhiwa ndani ya jalada, mtaani huitwa Mwalimu Redio
Umri: miaka 47
Kazi: mwalimu wa shule ya msingi, mkalimani wakati wa likizo
Makazi: nyumba za walimu, nyuma ya shule
Yameandikwa: Jumanne, tarehe 19, saa tatu na nusu asubuhi

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa wala sikukamatwa. Nimeonywa kwamba ninayosema yanaweza kutumika mahakamani, na ndivyo ninavyotaka yatumike.

Kwa miaka sita nimekuwa nikiwatafsiria wageni wa ng'ambo wanaokuja kila mwaka, kwa siku tano, kuwafundisha wachungaji wa makanisa madogo. Ni watu wema. Lugha yetu hawaijui zaidi ya salamu na asante, ila hiyo asante wanaitumia kweli kweli. Mratibu wa semina ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Mwaka wa kwanza kila mchungaji aliyesimama aliomba kitu: mabati, pikipiki, kipaza sauti. Wageni wakanywea. Wakati wa chai shemeji alinivuta pembeni akaniambia mtu akiomba kitu niligeuze ombi lake liwe sala, maana hawa wamekuja kufundisha na tukiwachosha hawatarudi. Nikaona ni busara, na nikawa fundi wa jambo hilo. Mtu akisema paa la kanisa linavuja, mimi nawaambia wageni kwamba ndugu huyu anataka kanisa lake likumbukwe mbele za Mungu. Wote wanafumba macho, wanafumbua, kila mtu anarudi kitini ameridhika. Hata nyumbani nilijisifu.

Mnamo Jumatano, tarehe 13, siku ya tatu ya semina, tulikuwa ukumbini tangu saa mbili asubuhi. Walikuwapo wachungaji thelathini na mmoja na wageni watatu. Mratibu alikuwa amekwenda mjini kuchapisha vyeti. Cheti hupewa aliyehudhuria siku zote tano, na mwaka huu wachungaji walikuwa wameambiwa kwamba bila cheti kanisa halitasajiliwa upya. Gari la wageni lilikuwa nje, limeegeshwa ubavuni mwa ukumbi, dereva akilifuta vumbi. Hapakuwa na gari jingine, sisi wengine tulikuja kwa basi au kwa miguu.

Saa nne na dakika arobaini simu ya mchungaji wa Bondeni iliita. Huyu ni mtu mpole, hukaa safu ya pili na huandika kila kitu, hata mizaha ya mgeni anayefundisha. Alitoka nje, akarudi, akasimama wima mpaka mgeni aliyekuwa anafundisha akamwona. Alisema hivi: “Mke wangu ana mimba ya miezi saba na anatoka damu. Mkunga amesema afikishwe hospitali sasa hivi. Naomba gari.”

Nilimwelewa. Nataka iandikwe hivyo, afande, kwamba nilimwelewa. Lakini mdomo ulishazoea, ukatangulia. Niliwaambia wageni kwamba mke wa ndugu huyu ni mjamzito, hajisikii vizuri, na angependa tumkumbuke katika sala. Damu sikuitaja, hospitali sikuitaja, gari sikulitaja.

Mgeni aliweka chaki chini, akamwendea, akamshika mabega, na wenzake wawili wakaja. Walisali kama dakika sita. Sala hiyo niliitafsiri neno kwa neno, tena vizuri kuliko kazi yote niliyofanya wiki ile. Mmoja wao, mama, alilia. Katikati nilishtuka, nikajua nimefanya nini, ila nikajiambia sala haikatizwi, nitasema wakimaliza. Walipomaliza ukumbi mzima ulipiga makofi. Mchungaji akaninong'oneza, “Wamesemaje kuhusu gari?”

Hapo bado ningeweza kuliweka sawa. Lakini ningelazimika kukiri mbele ya watu wote kwamba nimewadanganya, na si siku ile tu, miaka sita. Niliogopa aibu. Nikamjibu, “Wamesema Mungu amesikia. Keti.” Akaketi, akafungua daftari lake.

Saa sita na robo simu iliita tena. Safari hii hakumwambia mtu kitu. Aliacha daftari na Biblia mezani, akatoka mbio. Kutoka ukumbini hadi kwake ni kilomita kumi na nne. Alifika saa nane na nusu, mke na mtoto wakiwa wameshafariki. Baadaye nilimuuliza dereva ingemchukua muda gani kufika Bondeni na kisha hospitali. Alisema dakika hamsini, tena bila haraka.

Ijumaa, wakati wa kugawa vyeti, yule mama mgeni aliniuliza mke wa mchungaji anaendeleaje. Shemeji alinikanyaga mguu. Nilimjibu mama kwamba bado tunamwombea. Jumamosi wakaondoka. Jana ameniandikia ujumbe kwenye simu pamoja na picha ya ile sala, akitaka kujua kama ni mtoto wa kike au wa kiume, ili mwakani amletee nguo. Sijamjibu.

Jumapili, baada ya mazishi, kaka za marehemu walimshitaki mchungaji kwamba alipata habari saa nne akakaa kufuata cheti mpaka saa sita. Ndiyo maana yumo humu mahabusu. Wachungaji wenzake watakwambia kwamba aliomba gari, wageni wakamwombea, akaketi. Hawadanganyi, ndicho walichoona.

Leo saa mbili asubuhi askari wa zamu aliniruhusu nizungumze naye dirishani. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Akasema: “Mwalimu, nimekaa humu siku mbili nikijua niliomba, Mungu akaninyima. Hilo nalibeba kwa shida, lakini nalibeba. Sasa unaniambia gari lilikuwa pale na hakuna aliyeulizwa. Hilo nitalibebaje?”

Nilimwambia ndilo litakalomtoa humu. Akaniuliza akitoka aende kwa nani. Nilikuwa nimekuja kumwomba msamaha, nikashindwa, maana niliogopa angenisamehe palepale kwa mazoea ya kazi yake.

Hayo ndiyo ninayoyajua, na hakuna aliyenituma kuyasema. Nimesomewa na nimeona yako sawa.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maandishi ya ofisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi na kumsomea shahidi, akakubali na kutia sahihi mbele yangu saa tano kamili. Saa tano na nusu nilimtoa mtuhumiwa mahabusu na kumsomea sehemu inayohusu gari. Amesema shahidi ana huzuni na anajisingizia. Amesema wageni waliambiwa kila kitu, yeye mwenyewe alisikia. Amekataa kuongeza lolote. Amerudishwa mahabusu.